Kidonge cha Kupunguza Miguu

Murhula alikuwa ameshatumia kijiko cha supu, mafuta ya kupikia na jina la Yesu, na bado kiatu kilikataa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali imekunjwa hadi magotini, jasho linamtoka katikati ya baridi ya Agosti, na mkewe Nsimire amepiga magoti mbele yake akisukuma. Kiatu chenyewe kilikuwa cha ngozi nyeusi, cha Italia, kimechongoka mbele, namba arobaini na mbili. Kiatu hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mguu.

"Sukuma, mama Clarisse! Unasukuma kama mtu mwenye hajakula."

"Nasukuma. Huu mguu hauingii."

"Utaingia. Miye navaa quarante-deux tangu ujana wangu."

Mguu haukuwa na habari na ujana wake. Ulikuwa umevimba kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo, ngozi imetanuka inang'aa, na Nsimire alipobonyeza kwa kidole gumba palibaki kishimo kilichochukua muda wake kujaa. Murhula alikitazama kishimo hicho kwa hasira, kana kwamba mkewe ndiye aliyekileta.

Viatu vilikuwa vimetoka Brisbane kwa posta, ndani ya kifurushi cha mahari. Prince, kijana wa Kirundi, alikuwa anamwoa binti yao Clarisse. Mpaka wa Queensland ulikuwa umefungwa kwa ajili ya korona, na Villawood yenyewe, mtaa wao, ilikuwa imebanwa kiasi kwamba mtu akitoka kununua mkate helikopta ya polisi inamwangalia kutoka juu. Kwa hiyo bukwe, yaani sherehe ya kutoa mahari, ingefanyika kwa Zoom, Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Desturi ya watu wa Bukavu inajulikana: upande wa mume humletea baba wa msichana suti kamili na viatu, na mama naye huletewa vitenge. Hapo hakuna wa kubisha. Lakini Murhula hakutosheka na desturi ya watu wote, akaongeza ya kwake. Mwezi wa sita, alipokuwa bado anaona vifundo vyake, aliwaambia wakwe kwa simu kwamba katika ukoo wake baba huvaa viatu hivyo palepale, akasimama, akatembea mbele ya watu, na hapo ndipo binti anakuwa ametolewa. Asipovivaa, amekataa. Nsimire alikuwa ameishi ndani ya ukoo huo tangu usichana wake na hakuwahi kumwona mtu akifanya kitu cha namna hiyo. Alinyamaza, maana wakati ule aliona ni majivuno tu, na majivuno ya mumewe alikuwa amezoea kuyapangusa pamoja na meza.

Clarisse alichungulia mlangoni, simu mkononi.

"Dad, it's Zoom. Nobody's gonna see your feet."

"Weye nyamaza. Unafikiri bakwe bako wajinga? Baba ya Prince ana macho. Ataniambia nitembee, nitatembea na nini? Na masanduku ya viatu?"

"Just tell them it's the tablets."

"Toka!"

Clarisse akatoka. Nsimire alisimama kwa kujishika kitandani, taratibu, kwa sababu miguu yake mwenyewe ilikuwa inauma. Naye alikuwa anameza dawa hiyohiyo ya presha, amlodipini, na naye alikuwa amevimba, tangu Pasaka. Kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee ambako alikuwa anawaogesha na kuwalisha, alivaa raba za kiume alizozikata pembeni kwa mkasi. Siku moja alimwonyesha mumewe. Murhula alitazama, akasema, "Ile ni kusimama," akaendelea na habari za mpira. Miguu ya mke ilikuwa ni kusimama. Ya kwake ilikuwa msiba wa taifa.

Ndani ya kifurushi mlikuwa pia na viatu vya kike, vya dhahabu, vyenye kisigino kifupi. Nsimire alikuwa amevitoa, akavitazama, akaviweka juu ya kabati bila kuvijaribu.

*

Nsimire alimlazimisha mumewe apige simu kwa daktari. Siku zile daktari hakuonwa kwa macho, alisikika tu, na simu yenyewe mtu aliingojea asubuhi nzima. Ilipokuja, Murhula alikuwa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"How are we going with the new dose?" aliuliza daktari.

"Very good, doctor."

"Any headaches? Dizziness?"

"No, no."

"Any swelling in the ankles?"

Murhula aliitazama miguu yake miwili ndani ya beseni. Nsimire naye aliitazama. Haikuwa miguu ya kutoonekana.

"No swelling, doctor. Everything is very good. God bless you."

Simu ikakatika. Nsimire aliweka mwiko chini.

"Juu ya nini umemudanganya?"

"Unataka niseme kwamba nimevimba? Iandikwe kwa computer? Kesho Clarisse asome, aambie Prince, Prince aambie baba yake. Mtu mwenye kuvimba miguu, kwetu banasemaka nini?"

Nsimire alijua wanachosema. Kule Bukavu, mwanamume akivimba miguu watu hushusha sauti. Ama amelishwa karuho, ile sumu ya wivu inayotiwa kwenye pombe au chakula ikamla mtu polepole, ama ameshaanza safari ya kaburini. Kwa vyovyote si mtu wa kuunganishwa naye damu. Murhula alikuwa amevuka nchi tatu na bahari, anaendesha folklifti kwenye ghala karibu na Port Botany, ana kadi ya hospitali ya serikali mfukoni, na bado alikuwa anauficha uvimbe wa kidonge ili asidhaniwe amelogwa.

"Daktari alisema mwezi wa saba, ukivimba umwambie. Nilikuwa hapa, nilisikia."

"Daktari hajui mambo ya bakwe," alisema Murhula, akajifuta miguu kwa taulo ya mkewe.

*

Aliyejua mambo ya wakwe, na mambo mengine yote, alikuwa Blaise.

Blaise alikuwa shemasi wa kanisa lao na msemaji wao kwenye bukwe, yaani yule ambaye angezungumza kwa niaba ya upande wa msichana. Alikuwa na sauti nzuri na hakuwa na haraka ya kuiacha. Katika magonjwa alihesabiwa kuwa nusu daktari, kwa sababu kule Bukavu aliwahi kufanya kazi kwenye famasi kubwa. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa geti. Jambo hilo watu walilijua na hakuna aliyelitaja, na yeye mwenyewe alikuwa amelisahau kabisa.

Murhula alimpigia akiwa amefunga mlango wa chumba, spika imewashwa, na Nsimire alikuwa koridoni anakunja nguo. Kuta za nyumba za serikali ni nyembamba.

"Unakunywa gani?" aliuliza Blaise.

"Amlodipini."

"Aah!" Blaise alicheka kwa huruma. "Ile ni dawa ya watu wote, mukubwa. Kila mzungu wa pensheni anapewa. Ile inafungua mishipa tu, basi, maji yanateremka kwa miguu yanakaa. Moyo hata haiugusi. Gitonga, ule Mkenya wa kwaya, yeye banamupa nifedipini. Ile nayo, uso unawaka moto, moyo unamukimbia, anaimba tenor kumbe alikuwa bass."

Wakacheka wote wawili.

"Na yako?"

"Yangu ni verapamili." Alilitamka polepole, silabi moja moja, kama mtu anayetaja aina ya gari lake. "Ile inaenda moja kwa moja kwa moyo. Inaushika, inaupoza. Miguu yangu ni ya kijana. Ungeiona ungelia. Shida yake moja tu, choo. Unaweza kukaa siku tatu. Lakini choo nani anakiona kwa Zoom?"

"Zote ni za tension, hii presha?"

"Zote ndugu. Baba yao mmoja. Nilikuwa naziona kwa rafu, ziko pamoja."

Ndivyo wanaume wawili wazima walivyokaa wakapima dawa za moyo kama watu wanaochagua tairi. Hakuna aliyeuliza Murhula anameza nini kingine. Na Murhula alikuwa anameza kingine. Mwaka uliotangulia moyo wake uliwahi kwenda mbio ovyo mpaka akalazwa, na tangu hapo alikuwa na kidonge kidogo cheupe, metoprololi, cha kuupunguza mwendo asubuhi na jioni. Kwa akili yake hicho kilikuwa cha moyo, na hiki kingine kilikuwa cha presha, na vitu viwili tofauti haviwezi kugombana.

Kesho yake mfuko wa plastiki ulikuwa unaning'inia kwenye geti, maana kuingia kwenye nyumba ya mtu kulikuwa ni faini. Blaise alipiga honi, akapunga mkono akiwa ndani ya gari, barakoa imeshuka kidevuni, akaondoka. Nsimire alipofungua mfuko alikuta ndizi za kupika, na chini ya ndizi, ndani ya karatasi ya jikoni, vidonge virefu visivyo na boksi wala jina.

"Hivi ni nini?"

"Ni vitamini," alisema Murhula, akamnyang'anya.

"Baba Clarisse, nilisikia yote. Tuulize famasi kwanza. Ni simu tu."

Murhula alisogea karibu, na alipozungumza hakupaza sauti, ndiyo maana Nsimire aliogopa.

"Ukipiga ile simu, ukileta daktari au ambulance kwa hii nyumba mbele ya bukwe, miye sitakaa kwa ile meza. Nitawaambia bakwe hakuna baba hapa. Utamuoza Clarisse weye mwenyewe."

Nsimire aliitazama sura yake akaona hatanii. Clarisse alikuwa amemsubiri Prince mwaka mzima nyuma ya mpaka uliofungwa, anakula mbele ya simu, analala na simu. Mama yake akafunga mdomo. Alijiambia ni siku chache tu, Jumamosi ikipita atapiga simu hata kama nyumba itaungua.

*

Miguu ilipungua. Hilo lazima lisemwe, na Murhula alihakikisha linasemwa kila asubuhi. Aliacha amlodipini, akashika verapamili ya Blaise pamoja na metoprololi yake, na haikupita wiki vifundo vikarudi, kisha mishipa, kisha mifupa. Alizunguka nyumba amekunja suruali. Alimwita Nsimire atoke bafuni aje atazame.

"Unaona? Unaona Blaise?"

Nsimire alikuwa anaona mengine. Ghala lilikuwa limepunguza shifti, kwa hiyo mumewe alikuwa anashinda nyumbani, na alikuwa anashinda amelala. Akitoka kitandani alishika ukuta. Akipanda ngazi tatu za mlango wa nyuma alisimama katikati, akajifanya anaangalia mawingu. Chakula alikisukuma, choo hakukiona, na vidole vyake vya mikono vilikuwa baridi hata akiwa karibu na hita. Usiku mmoja Nsimire aliweka kiganja kifuani mwake akasubiri pigo. Lilikuja. Akasubiri jingine mpaka akadhani limesahau njia.

"Moyo wako unaenda polepole sana."

"Umetulia," alisema Murhula gizani. "Ndiyo kazi ya dawa. Blaise alisema inaupoza."

"Mtu mwenye kupoa ni maiti."

"Lala, mama Clarisse. Unaniletea mkosi."

Asubuhi Nsimire mwenyewe alimpigia Blaise, amejificha chooni. Alimweleza ukuta, ngazi, vidole, na kidonge cheupe cha asubuhi na jioni. Blaise alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu mkubwa.

"Mama, ile ni mwili unazoea. Acha mambo ya wanaume. Weye tayarisha samosa."

"Samosa atakula nani, Blaise? Watu wako kwa screen."

"Ni heshima," alisema Blaise, akakata.

*

Jumamosi saa nane mchana sebule ilikuwa imepambwa upande mmoja tu, ule ambao kamera ingeuona. Upande wa pili zilikuwa zimerundikwa nguo chafu, baiskeli na kila kitu ambacho Murhula hakutaka Brisbane ijue kwamba wanacho. Clarisse aliiweka kompyuta juu ya sufuria mbili zilizofunikwa kwa kitenge, akajipodoa mbele yake, akasogeza kidogo. "Perfect," alisema.

Skrini ilijaa visanduku vya watu. Libère, baba wa Prince, alikuwa amekaa wima na kofia yake ya heshima, mkewe Anésie kando yake, na Prince katikati amebanwa na tai. Kwenye kisanduku kingine alikuwepo Blaise, peke yake sebuleni kwake Fairfield, koti jeupe, ua kifuani. Wengine walikuwa jamaa wa Kanada, wa Nairobi na wa kambini Tanzania, ambako picha iliganda kila baada ya sentensi.

Viatu vilikuwa vimeingia. Viliingia kwa raha, bila kijiko. Murhula alisimama ndani yake amevaa suti ya wakwe, na kwa dakika hiyo moja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika kata nzima iliyofungwa. Nsimire alisimama nyuma yake na kitenge kipya. Viatu vyake vya dhahabu alivijaribu asubuhi, vikakataa, akavirudisha juu ya kabati. Hakumwambia mtu, na hakuna aliyeuliza.

Blaise alianza kusema. Aliwakaribisha wakwe. Aliwashukuru kwa uvumilivu. Alieleza historia ya ukoo wa Murhula, ambayo kwa sehemu kubwa aliitunga palepale. Alieleza maana ya viatu, kwamba baba anapovivaa anakanyaga njia ya binti yake ili isiwe na miiba. Alizunguka, akarudi, akazunguka tena, na muda wote Murhula alikuwa amesimama, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeamua kwamba baba hakai mpaka ametembea.

Nsimire aliona jasho kwenye shingo yake. Kisha aliona sikio, jinsi lilivyopoteza rangi likawa la majivu.

"Kaa chini," alinong'ona.

"Siyo saa."

"Midomo yako, baba Clarisse. Kaa."

"Unaniharibia," alisema Murhula bila kugeuka, akitabasamu kwa kamera.

"Na sasa," Blaise alipaza sauti, "baba atembee!"

Huko Brisbane wanawake wakapiga vigelegele. Murhula aliinua mguu wa kulia, akauweka mbele vizuri sana, kiatu kikalia kwenye mbao. Akainua wa kushoto. Huo haukufika mahali popote. Alianguka upande, akaichukua meza ndogo, samosa na maua ya plastiki, na kichwa chake kikagonga zulia kwa sauti ndogo ambayo kambini Tanzania hawakuisikia, kwa maana huko waliendelea kupiga makofi.

*

Wahudumu wa ambulansi, walioitwa na Clarisse, walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, wamejifunika kwa plastiki kuanzia kichwani, sura zao nyuma ya vioo. Walimkuta Murhula macho yamefunguka nusu, anapumua, anasema neno moja lisiloeleweka. Walifungua shati la wakwe kwa mkasi. Mwanamke alitazama mashine yake, akaigonga, akatazama tena.

"Thirty-four," alimwambia mwenzake. Kisha akamgeukia Nsimire. "What's he taking, love? All of it."

Nsimire alikuwa ameshaleta maboksi mawili, la amlodipini na la metoprololi. Mwanamke aliyapindua mkononi.

"And nothing else? Nothing that's not his?"

Murhula, chini pale, mapigo thelathini na manne na shati limekatwa katikati, aliinua kidole akakitikisa. "Nothing," alisema. "Only... this one."

Kitu fulani kilimpanda Nsimire wakati huo, na hakikuwa huruma. Vidonge vya Blaise havikuwa na boksi, jina hakuweza kulikumbuka sawasawa, na Murhula alikuwa amevimaliza, karatasi ile ya jikoni ameshaitupa. Mtu mmoja tu alikuwa na jina, na alikuwepo sebuleni. Kompyuta ilikuwa bado juu ya sufuria zake, visanduku vyote viko wazi, watu wa mabara matatu wameshika midomo.

Alikwenda akasimama mbele ya kamera.

"Blaise. Ulimupa mume wangu dawa gani?"

Blaise alitazama huku na huku sebuleni kwake, kana kwamba alikuwepo Blaise mwingine. "Mama Clarisse, wakati huu tuombe kwanza. Bwana Yesu..."

"Jina la dawa!"

"Miye? Nilileta ndizi tu. Mbele ya watu, mama..."

Kisha kisanduku chake kikawa cheusi. Shemasi alikuwa amezima kamera. Jina lake lilibaki pale kwa herufi nyeupe, na mbele yake neno Deacon, alilolichapa mwenyewe.

"Washa," alisema Nsimire. Hakupiga kelele. "Bakwe, munisamehe, mutasikia yote leo. Huyu bwana alivimba miguu kwa dawa yake ya tension. Haya ilimushika juu ya hivi viatu. Akachukua dawa ya Blaise ili miguu ipungue, akachanganya na ya moyo. Miye nilijua nikanyamaza. Sasa anakufa hapa chini, na Blaise amezima kamera. Blaise, kama hauwashi, nitampa huyu mama wa ambulance adresse yako, na yeye atampa polisi."

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Anésie, mama wa Prince, mwanamke ambaye mpaka saa hiyo alikuwa hajapewa nafasi ya kusema lolote.

"Wewe Blaise! Onyesha boksi!"

Kisanduku kikafunguka. Uso wa Blaise haukuonekana. Lilionekana boksi, limeshikwa kichwa chini. Clarisse alipiga magoti mbele ya skrini akalisoma kwa sauti huku analia, "Verapamil. Slow release. Two forty."

Mwanamke wa ambulansi alisimama. "On top of metoprolol? Jesus Christ."

Tangu hapo hawakuzungumza na mtu. Walimchoma sindano, wakapiga simu hospitali wakataja jina lile la dawa mara mbili, wakambeba pamoja na viatu vyake. Mlangoni Nsimire alitaka kupanda, mwanamume akaweka mkono. Hakuna kuingia hospitali kwa sababu ya korona. "One number, love. They'll ring you."

*

Alirudi sebuleni akitegemea kukuta skrini nyeusi. Watu wote walikuwepo, isipokuwa Blaise.

Libère alikohoa. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zilikuwa zimemwishia. "Mama Clarisse, pole sana. Sisi tumeonelea tungoje. Kwa maneno ya baba, kama hajatembea, hajakubali. Labda tupange siku nyingine, akipona..."

Nsimire aliwatazama. Clarisse alikuwa amekaa sakafuni katikati ya samosa, wanja umemshuka mpaka mdomoni. Kwenye skrini Prince alikuwa ameifungua tai yake na hamwangalii mtu mwingine isipokuwa yeye.

"Ile desturi ya kutembea haipo," alisema Nsimire. "Aliitunga."

Libère alifungua mdomo. Anésie akamwekea mkono gotini.

"Mama," alisema Anésie, "wewe unatupokea?"

"Nawapokea."

Vigelegele vya safari hii vilikuwa vichache, lakini vilitoka kwa watu waliokuwa na sababu.

*

Daktari wa hospitali alipiga Jumapili jioni. Alikuwa na sauti ya mtu asiyelala, na alieleza taratibu, kama anayejua kwamba anayesikiliza naye halali. Walikuwa wamempa Murhula kalsiamu ya mshipani na dawa za kuamsha moyo, wakamweka chini ya mashine usiku kucha, na sasa mapigo yalikuwa yamepanda. Angepona. Zile dawa mbili za presha, alisema, ni kweli ni za jamii moja, zote zinazuia kalsiamu isiingie kwenye misuli, lakini zinashika mahali tofauti. Amlodipini inalegeza mishipa ya damu na moyo wenyewe karibu haiugusi, na kuvimba miguu kunaudhi lakini si hatari. Verapamili inaushika moyo wenyewe, na metoprololi nayo inaushika. Zikikutana, moyo unaweza kukosa wa kuupigisha.

"And the swelling," aliongeza, "we could've fixed that. Lower dose, different tablet. All he had to do was call his doctor."

"He called," alisema Nsimire.

Daktari akamtakia usiku mwema.

Jumatatu, Nsimire akiwa anafunga kamba za raba zake zilizokatwa pembeni tayari kwenda kazini, simu ikalia tena. Alikuwa Murhula. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya kwake, na Nsimire aliziacha kamba za raba. Siku mbili alikuwa amemsema mtu huyu kichwani kwa maneno yote aliyoyajua, na sasa alitaka tu kumsikia anapumua.

"Mama Clarisse."

"Niko hapa."

"Banataka kunirudishia amlodipini. Kidogo."

"Vizuri."

Nsimire alisubiri aulize habari za Clarisse. Alisubiri aulize kama bukwe imevunjika, kama Prince bado anamtaka binti yao, kama yeye Nsimire amelala.

"Viatu," alisema Murhula. "Bakwe waliviona?"

Nsimire alitazama sebuleni. Kompyuta ilikuwa bado juu ya sufuria zake mbili. Jumamosi, aliposimama mbele yake, alikuwa ameona kisanduku chao kidogo pembeni mwa skrini.

"Hapana. Ile kamera ilikuwa inaishia kwa tai."

Upande wa pili mashine ililia mbali, pigo baada ya pigo, kwa mwendo mzuri.

"Kwa hiyo hakuna mwenye alitembea," alisema Murhula hatimaye. "Bukwe haikuisha."

"Iliisha. Miye nilipokea."

"Weye?" Sauti ikapata nguvu ghafla, nguvu ya mtu anayepona. "Ulipokea bakwe weye? Na viatu gani?"

"Pekupeku," alisema Nsimire, akakata simu, akaenda kazini.